Mchagua Jembe si Mkulima: Kiswahili Mbele ya Bodi ya Video



Ipo kauli niliyoisikia tangu nikiwa mwalimu kijana wa sekondari, nikaisikia tena nilipohamia chuo cha ualimu, na sasa nimestaafu bado inanifuata hadi barazani kwangu. Kauli yenyewe ni hii: Kiswahili ni lugha tamu ya mashairi, ya mapenzi, ya siasa na ya mahubiri, lakini kwenye mitambo hakifiki. Wasemao hivyo si wageni. Ni wahandisi wetu na wahadhiri wetu. Tena, na hili ndilo linaloniuma zaidi, wamo humuhumu jamvini washairi wajuao kupima mizani lakini wakiona waya hukimbilia Kiingereza kama vifaranga walioona mwewe.

Leo naipinga kauli hiyo, wala sitaipinga kwa kuusifu utamu wa lugha. Sifa tumekwisha kuzitoa za kutosha. Tangu UNESCO ilipotangaza, mwaka 2021, kuwa tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, kila mwaka tunapongezana, tunapiga makofi, kisha tunarudi nyumbani kusoma maelekezo ya redio zetu kwa Kiingereza. Nitaipinga kwa kuitazama kazi moja ngumu, hatua kwa hatua: kuandaa programu za kuundia kazi za video kwenye bodi ndogo ya kompyuta. Nimeichagua makusudi. Ni kazi iliyo mbali kabisa na utenzi na taarabu, na mpinzani wangu hataweza kusema kwamba nimejichagulia uwanja mwepesi.

Bodi ninayoizungumzia ni Jetson Nano ya kampuni ya NVIDIA ya Marekani, iliyotolewa mwaka 2019 kwa bei ya dola 99. Ni kibao cha saketi kinachoenea kiganjani. Kina prosesa ya ARM yenye viini vinne, kichakataji cha picha chenye viini 128, na kumbukumbu ya giga 4. Kazi inayosifika nayo ni kupokea video kutoka kwenye kamera na kuichambua palepale: kuhesabu magari yanayopita barabarani, kumtambua mnyama aliyeingia shambani, kukagua bidhaa kiwandani, yote hayo bila kuituma video kwenye kompyuta ya mbali.

Lakini ikitoka kwenye boksi lake haina mfumo endeshi wowote. Mtumiaji hana budi kutumia kompyuta nyingine kupakua faili kubwa la mfumo uitwao JetPack, ambao ndani yake mna Linux ya Ubuntu 18.04 pamoja na maktaba za programu za kuchakata picha. Faili hilo hulichoma kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, ya giga 32 au zaidi. Kisha huichomeka kadi kwenye bodi, huunganisha skrini, kibodi na kamera, huwasha umeme, hujibu maswali ya mwanzo kuhusu lugha, saa, jina na nywila, ndipo hujaribu kama kamera inaona. Msomaji aangalie: nimeieleza kazi nzima kwa aya moja, na sidhani kama mtu wa jamvi hili amelazimika kufungua kamusi.

Basi ugumu uko wapi? Nitaeleza nilichokiona. Nina jirani kijana aliyemaliza kidato cha nne, fundi wa simu mwenye mkono mwepesi na jicho kali. Huifungua simu iliyozama majini akaikausha, akaitafuta hitilafu kwa mita, akaibadilishia kipuri kidogo kuliko punje ya mtama. Kijana huyu aliazimwa bodi hiyo, akataka kuiwekea kamera ya kuwatambua ngedere wanaokula mahindi ya mama yake. Alikuwa na maelekezo ya Kiingereza, na Kiingereza chake ni kile alichokiacha shuleni. Alichomeka waya wa umeme kwenye tundu la duara, bodi ikakaa kimya. Akabadilisha chaja, kimya. Akarudia kusoma maelekezo, akakuta yanasema kwamba panahitajika jampa kwenye pini za J48. Akaitafuta jampa kwenye kamusi. Kamusi ikamwambia kuwa ni sweta.

Msicheke. Kijana alikaa siku nne akiamini kwamba bodi ya watu imemfia mkononi, na kwamba atalipa. Si kwamba hakuujua umeme. Umeme anaujua kuliko mimi, na kuliko wengi wanaompa mitihani. Aliangushwa na sweta.

Nilikaa naye jioni mbili, yeye akinionyesha vitu, mimi nikiandika. Juu ya jambo hili la umeme tuliandika hivi: "Ukitumia tundu la duara, kwanza zifunike pini mbili zilizoandikwa J48 kwa kikofia chake, ndipo uchomeke waya. Bila kikofia hicho, umeme wa tundu la duara haufiki kwenye bodi. Ukitumia tundu dogo kama la simu, kikofia kiondoe." Neno kikofia ni lake, si langu. Alikitazama kile kiplastiki chenye chuma ndani kinachovikwa juu ya pini mbili ili umeme upite, akasema, "Mwalimu, si kikofia hiki?" Ni kikofia. Istilahi ikapatikana kwa muda wa pumzi moja, bila kamati, bila posho ya kikao.

Tukaongeza sababu, maana maelekezo yasiyo na sababu ni amri za kituo cha polisi. Tundu dogo hupokea volti 5 na ampea 2, yaani wati 10. Tundu la duara hupokea volti 5 na ampea 4, yaani wati 20. Anayeongeza kamera, kibodi na vikorokoro vingine kwa chaja dhaifu ya simu asishangae bodi ikizimika ghafla katikati ya kazi. Tuliandika: "Bodi ikizimika yenyewe, ushuku umeme kabla ya kuishuku programu." Sentensi ile ingeweza kumwokolea fundi mwingine juma zima.

Sasa nije kwenye hoja yenyewe. Wanaosema Kiswahili hakifiki hutazama majina tu. Huorodhesha nomino hamsini za Kiingereza, wakakosa visawe vya arobaini, wakatangaza matanga. Lakini maelekezo hayajengwi kwa nomino; hujengwa kwa vitenzi. Pakua, fungua, nakili, washa, subiri, jaribu, rudia. Kwenye vitenzi, ndugu zangu, lugha yetu ina mali ambayo wenye maelekezo yao wangeitamani.

Tazameni kadi ile ya kumbukumbu. Mfumo unauchoma kwenye kadi. Neno hilo mafundi walikwisha kulizoea tangu enzi za kuchoma nyimbo kwenye sidii. Ukimaliza unaichomoa kadi kwenye kompyuta, kisha unaichomeka kwenye bodi. Choma, chomoa, chomeka: hatua tatu za kazi zinafuatana kwa sauti moja, na mwanafunzi akisikia mara moja hasahau. Sisi tunaofundisha kauli za vitenzi ubaoni, tukitoa mifano ya kuziba na kuzibua, kwa nini hatukuwahi kutoa mfano huu?

Au tazameni jambo linalowasumbua hata wanafunzi wa vyuo vikuu. Programu iliyojengwa kwa ajili ya prosesa za x86, zilizomo katika kompyuta nyingi za mezani, haikubali kwenye bodi ya ARM. Kila prosesa ina amri zake, na hazisikilizani. Kwa hiyo mhandisi mara nyingi hutumia kompyuta kubwa kutengeneza programu ambayo kompyuta hiyohiyo haiwezi kuiendesha. Inaitengeneza kwa ajili ya bodi. Wenzetu hulieleza jambo hili kwa fungu la maneno ambalo mwanagenzi hulikariri bila kulielewa. Sisi tuna kauli ya kutendea. Kompyuta hujenga programu yake. Kompyuta huijengea bodi programu. Bodi ikiwa na nguvu za kutosha, kama hii ya Jetson, hujijengea yenyewe. Jenga, jengea, jijengea. Nani anajenga, nani anajengewa, yote yamo ndani ya kitenzi kimoja. Niliyaandika maneno hayo matatu kwenye karatasi, na kijana wangu, ambaye hajakaa darasani tangu kidato cha nne, akaniuliza swali lililo sahihi kabisa: "Kwa hiyo nikiijengea bodi programu kwenye kompyuta ya kaka, nisishangae ikikataa kufunguka palepale?" Usishangae, mwanangu. Si ya kompyuta ile.

Na video je? Kwenye bodi hii video hupitishwa kwa programu iitwayo GStreamer, ambayo huunganisha vipande mfululizo: kipande kinachopokea picha kutoka kwenye kamera, kinachobadilisha muundo wake, kinachopunguza ukubwa, na kinachoionyesha kwenye skrini au kuihifadhi. Mkulima wa mfereji hahitaji kufundishwa hili. Kuna chanzo, kuna mfereji, kuna chujio, kuna shamba. Kipande kimoja kikiziba, shamba halipati maji, na mtu hufuata mfereji tangu chanzo mpaka aone palipoziba. Hivyo ndivyo mafundi wanavyotafuta hitilafu katika GStreamer, na hivyo ndivyo tulivyoandika.

Hapo mpinzani wangu huinua kidole: "Mwalimu, lakini amri zenyewe ni Kiingereza." La hasha. Mwanafunzi wa London akiketi kwa mara ya kwanza mbele ya Linux akaona ls, cd, grep, chmod na sudo, haoni Kiingereza cha mama yake. Anajifunza alama, kama ajifunzavyo mtu nota za muziki. Alama hizo tutaziacha kama zilivyo, herufi kwa herufi, maana mashine haina huruma kwa anayekosea nukta. Tunachokidai ni sentensi inayoizunguka amri: andika hivi, kwa sababu hii, na ukiona jibu hili fanya vile. Sentensi hiyo ndiyo inayomwelimisha mtu, na hakuna sheria ya fizikia inayoilazimisha kuwa ya Kiingereza.

Mpinzani wa pili hunijia na hoja ya umri: teknolojia hubadilika haraka, mkimaliza kutafsiri imekwisha kuchakaa. Ni kweli kwamba huchakaa. JetPack 4 ndiyo ya mwisho kwa Jetson Nano; matoleo ya 5 na 6 hayaiungi mkono bodi hii. Lakini maelekezo ya Kiingereza nayo huchakaa siku ileile, na hakuna aliyewahi kusema Kiingereza kiache kuandikwa. Kinachochakaa ni namba za matoleo. Kikofia juu ya pini mbili, tofauti ya wati 10 na wati 20, programu iliyojengewa mashine nyingine, mfereji unaofuatwa tangu chanzo: aliyeyaelewa hayo kwa lugha yake huyabeba mpaka kwenye bodi ijayo.

Wa tatu husema: vijana wajifunze Kiingereza, basi. Nakubali, wajifunze, na wakijue vizuri; hata Kiarabu na Kichina ningependa wakijue. Lakini kujifunza lugha ni kazi moja, na kujifunza umeme ni kazi nyingine. Mtoto wa Tanzania anayesoma shule ya msingi ya serikali hufundishwa hesabu na sayansi kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, kisha akiingia sekondari anakuta mlango umebadilishwa kufuli. Nimesimama miaka mingi kwenye mlango huo. Nimewaona watoto waliokuwa wakiuliza maswali wakinyamaza, na walimu wao wakiandika kwenye ripoti kwamba ni wazito. Kijana wa sweta ni mmoja wao. Taifa linalomfanya fundi kama yule ajione mjinga linajikata mkono wenyewe.

Nimewasema wahandisi. Sasa niruhusuni niwaseme wa nyumbani, maana mwenye dhamana ya lugha ni sisi.

Tumeshindana kwa miaka juu ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Nimesoma makala, nimesoma majibizano ya beti kwa beti, wengine wakikosana hadi kutosalimiana. Katika muda huohuo, ni nani kati ya washindani hao aliyeandika ukurasa mmoja wa kumwelekeza mtu namna ya kukiwasha chombo chenyewe? Mchagua jembe si mkulima. Tumesimama ukingoni mwa shamba tukibishania mpini, na mvua zinapita.

Waliolima wapo, na tuwataje kwa heshima. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kiofisi zenye menyu za Kiswahili. Hao hawakuwa na anasa ya kubishana bila kikomo. Kila kitufe kilidai neno, neno lilipaswa kuenea kwenye kitufe, na mtumiaji alipaswa kulielewa akilitazama. Unaweza kulikosoa neno hili au lile walilolichagua. Lakini una cha kukosoa kwa sababu kuna kilichofanyika. Istilahi huivia kazini. Ikikaa kwenye orodha tu, hukauka kama mbegu iliyosahauliwa darini.

Kanuni zangu katika kazi hii ni chache, nami naziweka wazi ili zipingwe. Neno alilo nalo fundi tayari, kama kuchoma au chaja, lichukuliwe lilivyo, hata kama limetoka ng'ambo. Kitu kisicho na jina kielezwe kwa umbo lake au kwa kazi yake, kama kikofia. Jina la kampuni, la programu au la amri lisiguswe. Na palipo na njia mbili, ichaguliwe ile ambayo mtu akisomewa kwa sauti ataielewa bila kuitazama karatasi, kwa kuwa mafundi wengi hufanya kazi mmoja akisoma na mwingine akishika bisibisi.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii haiwahusu washairi. Inawahusu kuliko wanavyodhani. Fasihi yetu haikuanza na kulia mapenzi. Mwana Kupona binti Mshamu alipotunga utenzi wake katikati ya karne ya 19, alimtungia binti yake maelekezo: namna ya kuishi, kunena, kutunza nyumba na kuwakirimu watu. Ule ni mwongozo, na umedumu kwa sababu umetungwa ili ushikike kichwani. Waliotutangulia walijua kwamba mizani humsaidia msikilizaji kukumbuka hatua, na kwamba hatua ikiruka, ubeti hulegea. Kwa kuwa nimewashambulia washairi, haki inanitaka niweke mezani ubeti wangu mwenyewe, niliomwandikia kijana yule aubandike ukutani juu ya meza yake ya kazi:

Kwanza umeme uzime, kadi itie mahali,
Kikofia kisimame, kwenye pini zile mbili,
Utepe usiegeme, ukae sawa kamili,
Ndipo uwashe umeme, taa itoe dalili.

Sidai kuwa ni ubeti wa kushinda tuzo. Lakini kila kipande kina kazi. Utepe ni ule mkanda mwembamba wa kamera, ambao huingizwa umeme ukiwa umezimwa, mistari yake ya shaba ikielekea upande wa bamba la kupozea joto. Ukikaa upande, kamera haionekani na mtu hulaumu programu bure. Taa ni ile ndogo ya kijani iliyo karibu na tundu dogo la umeme, ambayo huwaka mara bodi inapopata umeme. Malenga wenye ujuzi kuliko mimi wautengeneze ubeti huu upya, mradi wasibadilishe mpangilio wa hatua, maana anayeubadilisha huo anaharibu mali ya mtu.

Karatasi zetu zilipokamilika zilikuwa kurasa tano. Tulimpa kijana mwingine, mwanafunzi wa ufundi ambaye hakuwahi kuiona bodi hiyo, tukakaa pembeni tusiseme neno. Alisimama mara mbili. Mara zote mbili tuliirekebisha sentensi, hatukumrekebisha yeye. Kabla ya magharibi picha ya kamera ilikuwa kwenye skrini, na ndani ya picha hiyo alikuwapo mama mwenye mahindi, akiuliza kama kweli chombo kile kitamjua ngedere na kumtofautisha na mjukuu wake.

Basi ombi langu kwa jamvi hili ni dogo, na ni zito. Kila mmoja wetu ana kijana karibu naye anayejua jambo la ufundi: simu, pampu ya maji, paneli za jua, bodi kama hii. Keti naye. Yeye aseme, wewe uandike. Kisha mpe karatasi mtu wa tatu asiyejua, unyamaze, umtazame. Pale atakapokwama, andika upya. Mwezi ujao, badala ya kuniletea hoja mpya kuhusu ngamizi na tarakilishi, nileteeni ukurasa mmoja ambao mtu ameufuata mpaka mwisho na kitu kikawaka.